Mbwa Mtii na Mwenye Mbwa

Leo twapenda kuzungumza nanyi habari ya mnyama ambaye kila mmoja wenu amemwona tangu utoto, ila ni wachache waliopata kukaa na kumfikiri, naye ni mbwa. Hatutasema juu ya rangi yake wala ukubwa wake, bali juu ya jambo moja tu, yaani utii. Twataka kuuliza: mbwa hufunzwaje hata akamsikia bwana wake? Ni nani awezaye kumfunza? Na mtu akitoa fedha yake kumpa mwalimu wa mbwa, yampasa apate nini kwa fedha hiyo?

Maneno haya twayasema kwanza kwa ajili ya ndugu zetu wa Mbinga, na wale wakaao pwani ya Ziwa Nyasa upande wa Ruvuma, kuanzia Lituhi karibu na mlango wa mto Ruhuhu, kupita Liuli, hata Mbamba Bay. Lakini mtu wa mahali pengine naye asizibe masikio, kwa kuwa tabia ya mbwa ni moja popote aendapo.

Nchi ya Umatengo ni nchi ya milima. Watu wake wanajulikana mbali kwa ajili ya kahawa, na kwa ajili ya ngoro, yale mashimo wanayoyachimba katika miteremko ili mvua isichukue udongo. Lakini mtu aliyechimba ngoro kwa jembe lake, akapanda maharagwe na baadaye mahindi, bado hajamaliza kazi. Mchana huja nyani na tumbili. Usiku huja nguruwe wa mwitu. Nguruwe wakiingia shambani usiku mmoja, waweza kuharibu chakula cha miezi. Ndipo watu hujenga dungu na kukesha wakiamia. Na mara nyingine anayewekwa kuamia mchana ni mtoto, ambaye wenzake wakati ule wako darasani. Wahenga walisema, "Ukimchekea nyani utavuna mabua." Neno hilo ni kweli, lakini mtoto anayeshinda shambani akimkemea nyani huyavuna mahindi akakosa masomo.

Huko chini ziwani nako kuna usipa. Samaki hao wadogo huvuliwa usiku kwa taa, na asubuhi huanikwa juani, mchangani au juu ya vichanja. Kila mama aliyepata kuanika usipa ajua kwamba adui zake ni watatu: mvua, kunguru, na mbwa.

Basi tazameni. Katika nchi ya namna hii mbwa aweza kuwa mlinzi aliye bora kuliko ua wa miiba, au aweza kuwa mwizi kama hao wengine. Aweza kumlinda mtoto shambani, au aweza kuwaibia watoto kitoweo chao. Mbwa hao wawili huenda walizaliwa tumbo moja. Kilichowatenga ni malezi.

Tena liko jambo kubwa kuliko mahindi na usipa. Mbwa asiyefunzwa huuma, na mara nyingi amwumaye ni mtoto. Mtoto hukimbia, na mbwa ni mnyama ambaye chochote kikimbiacho humwita akifuate. Asubuhi watoto wanapita njiani kwenda shule, mmoja ana fimbo, mwingine anakimbia. Mbwa anatoka uani, na hakuna mtu wa nyumba ile awezaye kumrudisha kwa neno. Mtoto anaumwa. Mchana wazazi wanakuja wenye hasira. Jioni mbwa anapigwa mawe mpaka kufa. Nyumba mbili zilizokuwa zikiazimana moto na chumvi sasa hazisalimiani. Hayo yote yametokana na neno moja ambalo mbwa hakufundishwa, neno "Njoo".

Na hayo si mwisho, maana uko ugonjwa wa kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu ukiisha kumwonyesha mtu dalili zake, karibu daima humwua. Wataalamu wa afya wa ulimwengu hukadiria kwamba kila mwaka watu wapatao 59,000 hufa kwa kichaa cha mbwa, wengi wao katika Afrika na Asia. Na katika kila watu 100 wanaopata ugonjwa huu, kama 99 wameupata kwa mbwa. Na watoto wasiotimiza miaka 15 ni sehemu kubwa ya wanaoumwa. Lakini kwa mbwa aliyechanjwa hatari hiyo ni ndogo sana. Wataalamu wameona kwamba mbwa 70 katika kila 100 wa mahali wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita, nao hukoma.

Sasa huenda mtu akauliza, "Chanjo na utii vina udugu gani?" Vina udugu mkubwa. Siku ya chanjo inapotangazwa kijijini, watu wengi wenye mbwa hawaendi. Si kwamba hawataki. Hawawezi kumshika mbwa wao! Hajapata kufungwa kamba tangu azaliwe. Akiguswa shingo anageuka kuuma. Akiona watu wengi anakimbilia migombani. Basi mganga wa mifugo anarudi na chanjo katika sanduku lake, na mbwa anabaki kama alivyokuwa. Kwa hiyo mtu anayemfunza mbwa wake kuja akiitwa, kuvumilia kamba na kukaa kimya akishikwa, huyo ameisha kufanya nusu ya kazi ya kumwokoa mtoto wa jirani.

Basi na tuangalie jinsi mbwa anavyojifunza.

Watu wengi hudhani kwamba mwalimu wa mbwa ni fimbo. Katika nchi ya Urusi alikuwako mtaalamu mmoja, Ivan Pavlov, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa kuchunguza jinsi tumbo linavyosaga chakula. Katika kazi yake aliona kwamba mbwa hutoka mate kabla chakula hakijafika mdomoni, wakisikia tu ishara waliyoizoea kuwa hutangulia chakula. Jambo hili hata nyumbani kwetu laonekana. Mama akikwangua ukoko wa ugali sufuriani, mbwa aliyelala nje huinuka, ingawa hajaona kitu. Hakuna aliyempiga ili ajue. Amejua kwa sababu sauti ile na ukoko hufuatana kila siku.

Ushahidi mwingine uko Morogoro. Huko, katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, shirika liitwalo APOPO, lililoanzishwa mwaka 1997, hufunza panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini, na kutambua kifua kikuu katika makohozi ya wagonjwa. Panya akinusa kitu kinachotakiwa, husikia sauti ndogo, "tik", kisha mara hupewa kipande cha ndizi au karanga. Akinusa kisichotakiwa, hapati kitu, wala hapigwi. Kwa njia hiyo panya hao walisaidia kusafisha mabomu ng'ambo ya mto Ruvuma, katika nchi ya Msumbiji, ambayo mwaka 2015 ilitangazwa kuwa imeondoa mabomu ya ardhini yaliyojulikana. Panya mmoja, jina lake Magawa, aliyezaliwa na kufunzwa Tanzania, alipelekwa Kambodia, akagundua mabomu ya ardhini 71 na vitu vingine 38 vya kulipuka. Mwaka 2020 shirika la PDSA la Uingereza lilimpa nishani ya dhahabu, naye alikufa mwaka 2022 akiwa amekwisha kustaafu. Ikiwa panya amefunzwa kazi kubwa namna hiyo kwa ndizi na karanga, mwenye mbwa atasemaje kwamba mbwa wake hana akili?

Kutokana na mambo hayo twapata kanuni tatu, nasi twawaomba mzishike.

Kanuni ya kwanza: malipo yafuate kitendo upesi. Mbwa akitenda vema, apewe kipande chake papo hapo, kabla hajatenda jambo jingine. Ukichelewa, atadhani analipwa kwa kujikuna au kwa kutazama ndege. Malipo hayo hayana gharama. Kwa watu wa ziwani, usipa mmoja mkavu aliyekatwa vipande vitatu ni malipo matatu. Kwa watu wa milimani, tonge dogo la ugali lililochovywa mchuzi latosha. Wala usisahau sauti nzuri na mkono wa upole, maana hizo nazo ni mali kwa mbwa.

Kanuni ya pili: neno moja liwe na maana moja, na nyumba nzima ilitumie neno hilo. Hapa watu wengi hukosea pasipo kujua. Katika nyumba moja, bibi humwita mbwa kwa Kimatengo, watoto humwita kwa Kiswahili, na baba hupiga mluzi. Mmoja husema "Toka!" kwa maana ya kwenda nje, na mwingine husema "Toka!" kwa maana ya kuacha nyama. Mbwa anasimama katikati akitazama huku na huku, nao wote wamwita mjinga. Lugha yoyote yafaa, Kimatengo, Kinyasa, Kimanda au Kiswahili. Mbwa hana kabila. Lakini na wakae jamaa wote usiku mmoja, wapatane maneno yao, na asiyekuwapo aambiwe.

Kanuni ya tatu: mafunzo yawe mafupi na ya kila siku. Dakika tano asubuhi na dakika tano jioni zashinda saa nzima ya Jumapili. Haba na haba hujaza kibaba. Mbwa akichoka, hasikii tena. Na bwana akichoka, hukasirika. Acheni kabla ya mambo hayo mawili.

Kuhusu umri wa kuanza, wahenga wamesema, "Samaki mkunje angali mbichi." Mtoto wa mbwa asitengwe na mamaye kabla ya kutimiza majuma nane. Naye katika miezi mitatu ya kwanza ya maisha yake huzoea upesi mambo yote anayoyaona. Basi katika siku hizo na aone watoto, wazee wenye mikongojo, mbuzi, kuku, baiskeli na pikipiki, na wageni waliovaa mavazi ya namna mbalimbali. Aguswe masikio, miguu na mdomo kwa upole. Mbwa aliyefungiwa peke yake siku hizo, akiisha kukua, kila kigeni kwake ni adui. Hata hivyo mbwa mzima pia hufunzika. Kazi yake ni ndefu zaidi tu.

Sasa twataja masomo manne. Mbwa akiyajua haya, atoshea nyumba ya mkulima au ya mvuvi.

Somo la kwanza ni "Njoo". Simama karibu naye, hatua mbili au tatu. Taja jina lake, kisha neno "Njoo", mara moja tu, ukichuchumaa na kumwonyesha uso mwema. Akija, mpe malipo. Kesho ongeza hatua. Baadaye mwite kutoka nyuma ya nyumba, kisha kutoka shambani, kisha penye mbwa wenzake. Na hapa twataka kusema neno moja kwa nguvu. Mtu amwita mbwa wake aliyekwenda kufukuza mbuzi; mbwa hasikii. Amwita mara tano. Mara ya tano mbwa anarudi, na yule bwana anamchapa kwa kuwa hakuja upesi. Je, mbwa amefundishwa nini? Amefundishwa kwamba kuja ni kuchapwa. Kesho hatakuja kabisa. Mbwa anayekuja, hata akichelewa, asipigwe kamwe. Mtu mwenye hasira na asimwite. Na aende mwenyewe kumchukua.

Somo la pili ni "Kaa". Shika kipande cha chakula juu kidogo ya pua yake, ukipeleke nyuma polepole kuelekea kichwani. Akiinua macho kukifuata, makalio yake yatashuka yenyewe. Yakigusa chini, sema "Kaa", ukampe. Usimkandamize kwa mkono. Mbwa anayekaa hawezi wakati huo huo kumrukia mgeni. Na jambo hili lina heshima ndani yake, kwani katika majirani zetu wako Waislamu, ambao mate ya mbwa huwatia unajisi wa kuoshwa. Si adabu mbwa wako awarukie na kuwalamba wanapopita kukusalimu. Tena ndugu zetu hao wajua kwamba Kurani yenyewe, katika Sura ya Al-Maida, aya ya 4, yataja wanyama wa kuwinda waliofunzwa. Mafunzo ya mbwa ni jambo la zamani sana.

Somo la tatu ni "Acha". Fumba usipa mkavu katika ngumi yako, umpelekee mbwa. Atanusa, atalamba, atakwangua kwa kucha. Wewe nyamaza, wala usifumbue. Mwisho atarudisha pua nyuma kidogo. Hapo hapo mpe usipa mwingine kutoka mkono wa pili. Rudia mpaka awe anarudi nyuma mara aonapo ngumi. Ndipo sasa uliseme neno lenyewe, "Acha". Baadaye weka usipa chini karibu na mguu wako, uufunike kwa mkono akikaribia. Mwishowe mpitishe akiwa na kamba karibu na kichanja. Lakini mbwa huyo awe ameshiba kiasi. Mtu amnyimaye mbwa wake chakula siku mbili, kisha akamweka kulinda samaki, amejitakia hasara mwenyewe.

Somo la nne ni kamba. Mvalishe mkanda shingoni dakika chache wakati wa kula, mpaka ausahau. Kisha funga kamba nyepesi aiburute. Kisha ishike, mtembee pamoja, ukimlipa kila aendapo kando yako pasipo kuvuta. Akivuta, simama kama mti. Kamba ikilegea, endelea. Somo hili ndilo litakalomfikisha kwa mganga wa mifugo siku ya chanjo. Lakini kamba ya kufunzia si kamba ya kufungia. Mbwa afungwaye mchana kutwa kwa kamba fupi, juani, pasipo maji, huwa mkali kwa taabu yake, wala ukali huo si ulinzi. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 katika Tanzania yakataza kumtesa mnyama, na mbwa yumo katika sheria hiyo.

Mbwa aliyejua masomo hayo manne ndiye afaaye kwenda shambani. Kazi yake si kupigana. Nyani mkubwa ana meno ya kumwua mbwa, na nguruwe wa mwitu aweza kumpasua tumbo. Kazi yake ni kunusa, kubweka na kuwashtua, kisha kurudi aitwapo, akiwa pamoja na mtu mzima. Vivyo hivyo kule ziwani na kwenye midomo ya mito penye mamba: mbwa anayerudi kwa neno "Njoo" haendi kunywa maji mahali alipokatazwa. Twaongeza kwamba kumfunza mbwa si ruhusa ya kuwinda. Kuwinda pasipo kibali ni kosa la sheria, na wakaao jirani na Pori la Akiba la Liparamba wanalijua hilo.

Sasa twaja kwenye habari ya walimu wa mbwa. Kazi hii ni ufundi kama useremala, nayo ina watu wake. Jeshi la Polisi la Tanzania lina kikosi cha mbwa na farasi, na mbwa wake hunusa dawa za kulevya na nyayo za wahalifu. Mwaka 2014 shirika la African Wildlife Foundation lilianza kazi ya mbwa wa kunusa pembe za ndovu, na huko Usa River karibu na Arusha askari wa wanyamapori wa Tanzania na Kenya walifunzwa pamoja na mbwa, ili wakafanye kazi bandarini na katika viwanja vya ndege. Na zamani zaidi, mwaka 1916, katika mji wa Oldenburg nchini Ujerumani, kilifunguliwa chuo cha kufunza mbwa wa kuwaongoza askari waliopofuka vitani.

Angalieni jambo moja katika hayo yote. Askari hapewi mbwa aliyekwisha kufunzwa kama mtu apewavyo jembe jipya dukani. Askari na mbwa hujifunza pamoja. Kipofu naye hufundishwa jinsi ya kutembea na mbwa wake, kusema naye na kumwamini. Maana mbwa haujifunzi utii tu, humjifunza mtu.

Katika miji mikubwa kama Dar es Salaam, Arusha na Nairobi wako watu wafunzao mbwa wa raia kwa ujira. Wengine huja nyumbani kwa mwenye mbwa. Wengine humchukua mbwa akae kwao majuma kadhaa, kisha humrudisha. Njia zote mbili zaweza kufaa, lakini ya pili ina mtego. Mbwa akirudi kutoka kwa mwalimu, anakuta nyumba ileile, maneno yaleyale yanayogongana, na fimbo ileile. Baada ya mwezi amesahau, na bwana wake analalamika kwamba ameibiwa. Hakuibiwa, alimpeleka mbwa shuleni, yeye mwenyewe akabaki nyumbani.

Kwa hiyo mwenye kutaka kutoa ujira na amwulize mwalimu maneno haya. Je, utanifunza na mimi na watoto wangu? Je, naweza kusimama na kutazama ukifanya kazi? Mbwa akikosa, wafanyaje? Je, mbwa wa kwako wamechanjwa? Mwalimu mwema atajibu yote pasipo kukasirika, naye mwenyewe atauliza kwanza cheti cha chanjo cha mbwa wako. Lakini mtu akiahidi kukamilisha kazi kwa siku tatu, au akikuzuia usione, au akisema mbwa apigwe, au apewe pilipili ili awe mkali, mwage kwa adabu, urudi na fedha yako. Mbwa mkali kwa watu wote ni hatari kwa watu wa nyumbani mwake kwanza.

Huenda mtu wa Litembo au wa Liuli akasema, "Walimu hao wako mbali nami, na ujira wao siuwezi." Ni kweli. Lakini vijiji vyetu havikosi mtu ambaye mbwa wake humsikia. Mtu huyo ni hazina. Na aombwe akutane na wenye mbwa wenzake siku moja katika juma, jioni, uwanjani, kila mmoja na mbwa wake katika kamba, wakae mbali mbali mwanzoni ili wasigombane. Afisa mifugo na aalikwe. Wanafunzi waweza kuandika katika daftari majina ya mbwa wa kijiji, tarehe za chanjo, na masomo ambayo kila mmoja ameyajua. Ujira wa mwalimu huyo waweza kuwa debe la mahindi au kuku, kwa kadiri watu watakavyopatana. Hapo chanjo itakapokuja, kijiji kitakuwa tayari.

Kabla hatujamaliza, yatupasa kusema la kufanya mtu akiumwa na mbwa, hata akiwa mbwa wa nyumbani. Jeraha lioshwe papo hapo kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni, kwa muda wa dakika 15. Lisipakwe majivu, wala mafuta ya taa, wala majani. Kisha mtu apelekwe upesi kwenye zahanati au hospitali, iwe ya Mbinga, ya Litembo, ya Liuli, au iliyo karibu zaidi, akaelezwe habari ya sindano za kuzuia kichaa cha mbwa. Na kama dawa haipo hapo, aulize ipo wapi, aende siku ileile. Asingoje kuona kama ataugua, kwani akiisha kuugua hakuna dawa ya kumponya. Mbwa aliyebadilika tabia, anayeuma miti na mawe, anayetoka povu, ambaye sauti yake imekwaruza au miguu yake imelegea, huyo asishikwe na mtu, bali afisa mifugo apewe habari mara moja. Ugonjwa huo haujui mbwa mtii na mbwa mkaidi. Kwa hiyo mafunzo hayachukui nafasi ya chanjo. Humpeleka mbwa kwenye chanjo, na chanjo irudiwe kila mwaka kama mganga atakavyoagiza.

Wasikilizaji wetu, haya ndiyo tuliyotaka kuwaambia. Kufunza mbwa kwaanza kwa mwenye mbwa kujifunza: kuizuia hasira yake, kulitunza neno lake lisiwe na maana mbili, na kulipa upesi kila jema alionalo. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na mbwa ni vivyo hivyo. Leo jioni, baada ya chakula, chukueni vipande vitatu vya ugali, mtoke nje, mwiteni mbwa wenu mara moja kwa jina lake, hatua tatu tu. Akija, mlipeni. Kesho iwe hatua nne.

Kwaherini.